Nuru ya Batini ya Bwana Shamsudin

"Hana alama!" alisema Shamsudin, akaigonga picha kwa ukucha. "Tazama mwenyewe, Mama Hafswa. Paji la uso tupu kama sinia lililooshwa. Kijana wasema anaswali, sijida yake iko wapi?"

"Nimetazama," alijibu Bi Shariffa. "Naona mtu mweusi kama mkaa, hana vivuli, macho ya samaki wa jana. Ungeniambia ni Hamid nisingekubali. Ungeniambia ni chungu, ningekipeleka jikoni."

"Nuru ya batini haitazami kama macho yetu."

"Basi isituchagulie mkwe."

"Ishachagua! Akil anayo, Hamid hana. Ijumaa baada ya alasiri wazee wa Akil watakuja, nami nitawapa jibu."

"Hamid umeshampa jibu. Tangu mwezi wa Mfunguo Mosi umempa. Umekula halua yake, ukalamba vidole."

"Wakati ule sikuwa na kamera."

Juu ghorofani cherehani ilinyamaza. Hafswa, binti yao wa pekee, alikuwa akishona foronya za harusi yake, na kila ugomvi ulipofika kwenye jina la Hamid, gurudumu lilisimama. Bi Shariffa aliinua macho kwenye dari, kisha akamrudia mumewe.

"Wamsikia? Huyo ndiye atakayelala na mume utakayemchagua kwa karatasi."

Shamsudin aliinuka. Aliikunja picha ndani ya leso yake, akatoka kwenda barazani, mahali ambapo watu walimheshimu.

Kamera ilikuja nyumbani mwao kwa njia ya mnada. Injinia mmoja wa reli alirudi kwao Ulaya akaacha vitu vyake viuzwe, na Shamsudin, aliyekwenda kutafuta kabati, akarudi na sanduku la mbao lenye miguu mitatu, vioo vya picha, chupa za dawa zenye harufu ya mayai mabovu, lenzi moja ya kawaida, na nyingine isiyopitisha kitu. Ilikuwa imechongwa kwa jiwe la bilauri, jiwe liangavu kama kioo, na kupakwa fedha nyembamba juu yake. Ukiiweka jichoni, unaona giza.

"Umeuziwa dirisha la kaburi," Bi Shariffa alisema siku ile.

Lakini ndani ya sanduku mlikuwa na kijitabu cha Kiingereza, na Shamsudin akampelekea Dishon, karani wa reli, Mkristo kutoka bara aliyekuwa amepanga chumba nyuma ya nyumba yao. Dishon alisoma akaeleza kwa uangalifu. Jua, alisema, lina mwanga mwingine uliopita rangi ya urujuani, ambao jicho la binadamu haliupati. Kioo cha kawaida huuzuia. Jiwe la bilauri huupitisha, na ile fedha huzuia mwanga wetu wa kila siku. Kwa hiyo picha itakayotoka ni ya mwanga usioonekana peke yake. Na kijitabu kinasema mwanga huo huonyesha madoa yaliyo ndani ya ngozi kabla hayajatokeza nje.

"Ndani?" aliuliza Shamsudin.

"Ndani ya ngozi."

Shamsudin alifika barazani na neno "ndani". Kufika magharibi, ngozi ilikuwa imeshasahauliwa, na wazee wote wa mtaa wao wa Kibokoni walijua kwamba Bwana Shamsudin ana chombo kinachopiga picha ya batini ya mtu, undani wake usioonekana.

Kuanza hakukuwa rahisi. Kwa kuwa lenzi haionyeshi kitu, ilimbidi kwanza aifunge lenzi ya kawaida, aone mahali picha inapokaa sawa, kisha abadilishe na kubahatisha, kwa sababu mwanga ule haukai pale pale unapokaa wetu. Picha za kwanza zilitoka kama ukungu. Zilizofuata alizisafisha kwa maji ya birika la uani, yaliyokuwa na joto, na utando wote ukateleza kutoka kwenye kioo ukaenda zake mferejini. Ghala la Bi Shariffa likageuzwa chumba cha giza. Vitunguu vyake vikahamia ngazini. Muda wa kufunua lenzi Shamsudin aliupima kwa kusoma sura ya Kulhuwallahu polepole, na mtu akitikisika kabla hajamaliza, picha imeharibika.

Picha yake ya kwanza iliyotoka safi ilikuwa ya kichochoro chao. Humo, mlango wa jirani yao Bwana Chonga, uliopakwa rangi nyeupe ya makopo kutoka Ulaya, ulitoka mweusi tititi, ilhali kuta za chokaa pande zote mbili zilikuwa nyeupe. Baraza ilikaa siku nzima kujadili Bwana Chonga amefanya nini. Maskini akakwangua rangi ile, akapaka chokaa. Shamsudin akapiga tena. Mlango ukatoka mweupe.

"Ametubu," baraza ikasema.

Baada ya hapo, ni nani angekaa nyuma? Mzee Shekuwe, mkubwa wa baraza, alipigwa picha akiwa na miwani yake, na miwani ikatoka myeusi kama lami. Ikasemwa hiyo ni dalili ya mtu asiyetazama haramu. Mzee Shekuwe hakuivua tena hata alipolala. Wengine walitokeza mawaa kwenye mapaji ya nyuso zao, madogo ya hapa na pale, kama yanavyompata mtu yeyote aliyetembea juani miaka mingi. Hayo yakaitwa sijida za batini, yaani alama za kusujudu ambazo Mola amezificha zisionekane na watu. Waliozipata walizibeba picha hizo mfukoni wakazitoa kabla ya kuulizwa. Wasiozipata wakaanza kuchagua mikeka migumu msikitini na kusukuma vichwa chini mpaka imamu akauliza kama kuna kitu wamekiangusha.

Kisha akaja Akil.

Akil alikuwa wa nyumba ya ghorofa tatu, mwana wa kwanza, mzuri wa sura, mvivu wa kila kitu. Alipigwa picha kwa sababu alikuwa akipita tu. Karatasi ilipotoka, katikati ya paji lake palikuwa na waa kubwa jeusi, pana kama jani la tambuu. Baraza nzima ilisimama. Kijana huyu, ambaye hakuna aliyekumbuka kumwona alfajiri msikitini, kumbe huswali usiku kucha nyumbani mwake ili asionekane! Akil mwenyewe alishangaa, lakini hakushangaa kwa muda mrefu. Kabla ya jua kutua alikuwa ameshajifunza kuinamisha macho na kutembea taratibu. Juma lililofuata ami yake akaja kwa niaba yake kumposa Hafswa, na Shamsudin akakumbuka kwamba Hamid, mwenye duka la kamba na misumari, alipigwa picha na hakutokeza hata nukta.

Hilo ndilo lililovunja amani ya nyumba.

Jumatano, siku mbili kabla ya jibu, Shamsudin alipata vioo vipya vya picha, akataka kuvijaribu kabla ya kuvitumia kwa mtu. Akaelekeza kamera kwenye ukuta wa uani, mweupe, mtupu, uliopakwa chokaa mwezi wa Shaabani. Akasoma Kulhuwallahu yake. Akaingia ghalani. Alipoweka karatasi juani na picha ikaanza kujitokeza, Bi Shariffa alisikia ukelele uliomfanya aangushe mwiko.

"Mkono! Mama Hafswa, kuna mkono ukutani!"

Bi Shariffa alitazama ukuta. Haukuwa na kitu. Akatazama karatasi. Palikuwa na kiganja cheusi na vidole vitano, wazi kama muhuri.

"Jini," Shamsudin alinong'ona. "Nilijua nyumba hii ina wenyewe."

Bi Shariffa aliisogeza karatasi karibu na uso. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda kwenda nje. Akautazama mkono wake mwenyewe, kidole cha mwisho, kilichobanwa mlangoni alipokuwa mtoto na kupona vibaya.

"Jini huyo anakupikia samaki," alisema, "na samaki wanaungua."

Mumewe alikuwa ameshaanza kuusomea ukuta dua, basi akamwacha. Akarudi jikoni akifikiri. Siku chache nyuma alikuwa amemsugulia Hafswa liwa kwenye jiwe, ule msandali wa kupaka usoni, kisha akajiegemeza ukutani kuinuka, maana magoti hayakuwa yale ya zamani. Ukuta ulichafuka. Aliupangusa kwa kitambaa chenye maji mpaka ukarudi mweupe. Hakuna jicho lingeona kitu. Alipopata nafasi, aliuendea akaweka pua. Harufu ilikuwepo, kidogo sana.

Basi chombo hiki kinaona liwa. Kinaona liwa iliyopanguswa.

Na wanaume nao hupaka liwa, ingawa hawapendi kuonekana. Hupaka mahali pamoja tu, katikati ya paji la uso, na kwa sababu moja tu: kichwa kinapouma.

Alhamisi Bi Shariffa alijitanda buibui akaenda kumwamkia Bi Afaf, mamake Akil. Alipokewa kwa kahawa na marashi, kama mama mkwe mtarajiwa anavyostahili.

"Akil hajambo?" aliuliza baada ya salamu zote kwisha.

"Alhamdulillahi, shoga yangu. Ila kichwa. Kichwa hicho! Kila asubuhi chamuuma mwanangu, macho mekundu, hataki taa. Ni ibada hizo. Nikikosa kumpaka liwa hawezi kutoka nje."

"Yaani wampaka wewe?"

"Kwa mkono wangu. Kibakuli kizima. Kisha nampangusa, hataki vijana wenzake wamwone na liwa kama bibi harusi."

"Pole. Na siku gani chazidi?"

Bi Afaf alifikiri. "Akitoka Tudor. Hwenda jioni kukagua minazi."

"Sikujua mna minazi Tudor."

"Hatuna," alisema Bi Afaf, kisha akaonekana kana kwamba hajawahi kuliwaza jambo hilo. "Labda ni minazi ya rafiki."

"Na huko Tudor minazi mingi yagemwa tembo," alisema Bi Shariffa.

"Kunywa kahawa, Mama Hafswa, yapoa."

Alikunywa. Akashukuru. Aliporudi nyumbani alimkuta Shamsudin ameketi kizingitini mwa ghala, mikono kichwani. Dawa zile za kusafishia picha zilikuwa zimemuumiza kichwa tangu adhuhuri. Bi Shariffa hakungoja kuombwa. Akasugua liwa, akampaka katikati ya paji, akamwacha ajilaze. Asubuhi ya Ijumaa akampangusa kwa kitambaa na marashi hadi ngozi ikang'aa.

"Sasa nenda kaketi mbele ya kamera yako," alisema.

"Mimi? Nani atanipiga?"

"Mimi. Kufunua kifuniko na kusoma Kulhuwallahu nako kwahitaji Kiingereza?"

Shamsudin aligeuza uso. "Haina haja."

"Kwa nini haina haja? Umepiga mtaa mzima."

Alijibu kwa sauti ndogo. "Nilishajipiga. Kabla ya wote. Niliitega kwa uzi." Akaigusa kamera. "Sina, Mama Hafswa. Sina hata nukta. Miaka yote hii, sijaacha sala hata nikiwa na homa. Naketi barazani nawaonyesha watu sijida zao, na mwenyewe ni mtupu."

Bi Shariffa alikuwa na maneno mawili matatu tayari mdomoni. Aliyarudisha.

"Keti," alisema. "Tujaribu tena."

Akaketi. Bi Shariffa akafunua, akasoma bila haraka, akafunika. Shamsudin akaingia ghalani na taa yake nyekundu, akatoka, akakiacha kioo kikauke mpaka aliporudi kuswali alasiri, ndipo akaweka karatasi juani juu ya ukuta wa birika, akasimama mbali nayo kama mtu anayengoja daktari. Karatasi ilianza kubadilika rangi. Ukatokea uso, ndevu, kofia. Kisha, katikati ya paji, waa. Lilikuwa pana, jeusi, kubwa kuliko la Akil.

Shamsudin alipiga magoti pale pale kwenye mawe ya uani, akasujudu, akakaa chini muda mrefu. Alipoinuka machozi yalikuwa yameingia ndevuni.

"Umeona?" alisema. "Umeona, mke wangu?"

"Nimeona," alisema Bi Shariffa. "Ni liwa."

"Nini?"

"Liwa niliyokupaka jana. Na mkono ule ukutani ni wangu, tazama kidole hiki. Na sijida ya Akil ni liwa anayopakwa na mamake kila asubuhi, kwa sababu kila jioni yuko Tudor anakunywa tembo. Chombo chako hakina makosa, Baba Hafswa. Kinaona vizuri sana. Nyinyi ndio mnaokisemea."

Aliitazama picha, akautazama mkono wa mkewe, akaitazama picha tena. Alikuwa amekuwa walii kwa muda wa kusafisha kioo kimoja, na sasa alitakiwa ajiuzulu.

Huko nje sauti zilikuwa zimeanza kukusanyika. Alasiri ilikuwa imekwisha swaliwa, na wazee wa Akil walikuwa wakipokewa barazani na Mzee Shekuwe, salamu juu ya salamu, na za nyumbani, na za watoto, na za wagonjwa.

"Twaweza kumkataa Akil bila kusema sababu," alisema Shamsudin.

"Utawaambia nini? Kwamba ana sijida kubwa mno?"

"Nitasema binti hajawa tayari."

"Binti amemaliza foronya. Mtaa mzima wajua."

"Nikisema kweli, nimewavua wote. Si Akil tu. Shekuwe na miwani yake, Chonga na mlango wake, wote. Hakuna atakayeketi nami tena." Aliishika picha yake kwa vidole viwili. "Na hii nayo yaenda."

"Yaenda," alikubali Bi Shariffa. "Au binti yako aenda. Amua, kahawa yapikwa."

Juu, cherehani haikusikika kabisa.

Shamsudin alisimama. Alikwenda kwenye jiwe la liwa, akachota iliyobaki kwa vidole, akatoka nayo nje hivyo hivyo, kichwa wazi. Bi Shariffa alijibanza nyuma ya mlango.

Wazee wote walinyanyuka kumpokea. Yeye akasimama mbele yao, akajipaka liwa katikati ya paji la uso, nene, ya manjano, mbele ya macho ya wanaume kumi na kitu. Mtu mmoja alisema astaghfirullahi.

"Jamaa zangu," alisema Shamsudin, "hii ndiyo sijida ya batini. Nimejipiga nayo leo, imetoka kubwa kuliko zote. Ipanguseni, macho hayaioni, kamera yaiona. Akil hupakwa hii kwa sababu ya kichwa. Kichwa chamuuma kwa sababu gani, mwulizeni mgema yeyote wa Tudor."

"Bwana Shamsudin!" alisema ami yake Akil.

"Na yangu?" aliuliza mzee mmoja aliyekuwa ameshaitoa picha yake mfukoni.

"Yako ni jua, ndugu yangu. Umetembea sana juani."

"Na miwani yangu?" Mzee Shekuwe aliuliza, akaishika.

"Ni kioo. Kioo huzuia mwanga ule. Ungemvisha paka ingetoka vile vile. Na mlango wa Chonga ni rangi ya makopo tu."

Bwana Chonga alicheka peke yake, kwa sauti kubwa, na hakuna aliyemwuliza kwa nini.

"Posa ya Akil nimeikataa," alisema Shamsudin. "Niwieni radhi. Kahawa inakuja, nyweni, mimi nina safari."

Hakungoja kuona nani ananyanyuka na nani anaketi. Aliingia kichochoroni akaelekea duka la Hamid, liwa ikimkauka usoni, wanawake wakichungulia madirishani na watu njiani wakimpisha kwa heshima ambayo watu humpa mwenda wazimu. Ilikuwa aibu juu ya aibu. Baba wa binti haendi kwa mchumba. Mchumba huja, hutuma wazee, hungoja kizingitini.

Hamid alikuwa akipima kamba. Alimwona, akaiacha.

"Shikamoo, mzee wangu. Kichwa chauma?"

"Sana. Hamid, nilivunja ahadi niliyokupa kwa ajili ya karatasi. Binti hakubadilisha neno lake hata siku moja, nami sikumsikiliza. Wewe je? Umebadilisha?"

Hamid alifuta mikono kwenye shuka yake. "La."

"Basi funga duka. Twende kwa mwalimu afungishe ndoa."

"Leo?"

"Sasa. Nikilala nitapata akili nyingine."

Hamid akafunga duka, akasahau ufunguo ndani ya kitasa, akarudi kuuchukua. Kabla ya magharibi mwalimu alikuwa ameketi sebuleni kwa Shamsudin. Dishon alikuja kusimama mlangoni na koti lake la ofisini. Bwana Chonga alikuwa shahidi wa kwanza, na wa pili alikuwa Mzee Shekuwe, ambaye alikuja amenuna, miwani mkononi. Mwalimu akapanda nusu ya ngazi kumwuliza mwari idhini yake, kama ilivyo sheria. Desturi ilikuwa msichana anyamaze, na kimya chake ndicho jibu.

"Binti Shamsudin," alianza mwalimu, "je, wamridhia Hamid bin—"

"Namridhia," alisema Hafswa kutoka juu, kwa sauti iliyofika barazani.

Mwalimu alimtazama Bi Shariffa, aliyekuwa ameshika kitasa cha mlango.

"Umesikia, mwalimu," alisema Bi Shariffa. "Shuka usome nikaha."

Akashuka, akasoma.